Jina Lililoitwa Mara Tatu

Wazazi wangu waliniita Eukolina, yaani mpole, mtu asiye na makuu. Walibahatisha vibaya. Mji mzima wa Karistos unajua kwamba nikishakasirika hata mbuzi hunipisha njia. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani kwamba nimeyalainisha haya ninayoyasimulia. Mtoto wa kaka yangu nilimpokea kwa mikono hii alipotoka tumboni mwa mama yake, nikamlilia alipokufa, kisha nikampokea tena alipozaliwa mara ya pili akiwa na ndevu. Katika hizo tatu, ile ya katikati ndiyo niliyokosea.

Sisi ni wafinyanzi. Kaka yangu Likinos alikuwa na tanuri mbili nje ya lango la mashariki, mahali ambapo udongo ni mwekundu na upepo unatoka upande unaofaa. Mimi nilirudi kukaa kwake baada ya mume wangu kufariki, nikawa mkunga wa mtaa, kazi ya wanawake ambao matumbo yao yameshafunga. Baba yetu aliitwa Zopiros. Zopiros ni lile kaa la moto unalolifukia majivuni jioni ili asubuhi usiende kugonga kwa jirani kuomba moto, na kwa mfinyanzi hakuna jina zuri kulishinda hilo. Kwa desturi jina la babu humrudia mjukuu. Kwa hiyo mwana wa Likinos alikuwa Zopiros hata kabla mimba yake haijatungwa.

Jina kwetu hubadilika mkia kwa kadiri ya kazi linayofanya. Ukimsimulia mtu, ni Zopiros. Kitu kikiwa chake, ni cha Zopiru. Ukimwita mwenyewe ageuke akutazame, ni Zopire! Mtoto huijua mikia hiyo kabla hajajua kufunga viatu, na baada ya hapo hakuna anayeifikiria tena. Mimi nimeifikiria miaka ishirini.

Alikuwa kijana mcheshi, mwepesi, mwenye vidole vya kubandika mkono wa mtungi ukakaa kama ulizaliwa nao. Alimwoa Filto, binti wa muuza mafuta, msichana mtulivu anayesikiliza kuliko anavyosema. Mwaka mmoja mitungi yetu ilirundikana bila wanunuzi, na meli ya kwenda Kirene, ng'ambo huko Libia, ilikuwa inatafuta wapiga makasia. Zopiros akaona ni heri avuke na mitungi mwenyewe. Filto alikuwa na mimba ya miezi saba.

Meli ilivunjikia mbele ya Rasi ya Malea. Aliyerudi ni mmoja tu, baharia kutoka Kime, naye aliapa mbele ya madhabahu kwamba alimwona Zopiros akizama huku ameshika mtungi kifuani. Ule mtungi ndio uliotusadikisha. Tulisema huyo ni yeye kabisa, hawezi kuacha kazi ya baba yake ikaenda peke yake.

Aliyezama hana kaburi, na asiye na kaburi hutangatanga. Dawa yake ni kumwita. Tuliliweka joho lake juu ya kitanda, tukakibeba mpaka shimoni, tukalilia joho kama tunavyolilia mtu. Kisha ndugu wa karibu anatakiwa kusimama ukingoni na kuliita jina mara tatu, ili roho popote ilipo isikie, ije kulala kwao. Likinos aliita mara ya kwanza, milima ikamrudishia. Akaita mara ya pili, na katikati ya neno sauti ikamkatika. Alisimama pale akitweta, mdomo wazi.

Filto akanishika nguo. "Shangazi, tungoje kwanza," akasema. "Meli za masika hazijafika. Labda kuna mwingine aliyeokoka."

"Mwanangu, msiba haungoji meli," nikamjibu.

Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Mlima Oha. Miguu iliniuma, watu walikuwa wanatazama juu, nami nilitaka mambo yaishe. Huo ndio ukweli, na sitaupamba. Nikampita kaka yangu nikasimama ukingoni, nikaliita mara ya tatu. Nina sauti kubwa. Shimo likafukiwa, tukakimbilia nyumbani kabla hatujalowa.

Mwezi uliofuata Filto akajifungua msichana. Likinos akafanya jambo ambalo hata mimi lilinishtua. Akamwita Zopira. Ni jina la kiume lililovalishwa mkia wa kike, jina la baba kwa binti. Lakini alisema kaa la moto halichagui chungu cha kubebewa, na ule ulikuwa msiba wake, nikanyamaza. Mtoto alipoacha kunyonya, kaka zake Filto wakaja kumchukua dada yao, wakamwoza kwa mtu wa Eretria. Binti akabaki kwetu, kwa sababu mtoto ni wa nyumba ya baba, awe hai au asiwe hai. Likinos akamlea kwa mikono miwili. Alikuwa akimketisha juu ya gurudumu na kulizungusha polepole, mzee ambaye hatukuwahi kumwona akicheza na mtoto wake mwenyewe.

Miaka sita ikapita tangu ile meli. Adhuhuri moja nilikuwa napanga vigae uani nikasikia mtu nyuma yangu, upande wa jiwe la mpaka.

"Shangazi, mbona mnavianika juani mapema hivyo? Vitapasuka."

Kigae kikaniponyoka. Alikuwa amekonda, ngozi imeungua, amevaa ngozi ya kondoo kama mchungaji wa Libia. Akainua mguu avuke jiwe.

"Usivuke hapo!" nikamwambia.

"Shangazi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nakwambia usivuke."

Akacheka. Kisha akaniangalia usoni na kicheko kikamwisha. Hakuwa mjinga, na yeye ni mtoto wa hapa.

"Nimekufa lini?" akauliza.

"Mwaka ule ule. Mvua ilikuwa inakaribia."

"Mliita?"

"Tuliita."

"Mara ngapi?"

Nikainama kukiokota kile kigae. Akashusha ule mguu, akarudi nyuma hatua moja, akaketi chini upande wa pili wa jiwe.

Asiyeijua desturi yetu ataniona katili. Mtu aliyeitwa kaburini na kufukiwa amekwisha kukabidhiwa kwa wa chini, miungu ya wafu. Akirudi, ni mchafu. Hagusi meko, haingii hekaluni, hasalimiwi. Alilala kwenye banda la udongo wiki tatu, nje ya mpaka, akila nilichomwachia juu ya kigae. Mke wa mwoka mikate aliweka mkate chini, akaenda hatua kumi, ndipo akamwashiria auchukue. Watoto waliimba kwamba wameona maiti inakojoa. Likinos alikuwa akisimama mlangoni, anamtazama mwanawe aliye umbali wa hatua ishirini, analia bila sauti, kisha anarudi ndani kukanda udongo.

Zopiros alitusimulia yake kwa sauti kubwa kutoka kule alikoketi. Ule mtungi ulielea, ukamshikilia mpaka meli iliyokuwa ikienda Libia ikamwokota. Alichunga kondoo wa watu miaka sita mpaka alipopata meli ya kumrudisha. Alituma salamu mara mbili. Hazikufika.

Wazee walijua dawa. Neno lilitoka kwenye hekalu la uaguzi la Delfi tangu zamani za mababu: aliyekufa kimakosa azaliwe upya, atendewe yote anayotendewa kichanga, na siku ya kumi apewe jina. Mkunga nilikuwa mimi. Tukamwogesha, mimi na wanawake wawili, katika beseni la kulowekea udongo maana halikuwepo jingine la kumtosha. Tukamviringisha vitambaa kutoka mabegani hadi vidoleni. Jirani aliyekuwa akinyonyesha akamdondoshea maziwa matone matatu mdomoni, huku amegeuzia uso ukutani kwa aibu. Tukatundika shada la mzeituni mlangoni, kama ilivyo desturi akizaliwa mwanamume.

Mtaa ulicheka, siwalaumu.

"Eukolina!" Murto wa ng'ambo ya barabara akanipigia kelele. "Hicho kichanga chako kina uzito gani?"

"Hakijaufikia ulimi wako!"

"Meno yameshaota?"

"Njoo umpe kidole utajua."

Lakini ndani hapakuwa na kicheko. Siku ya kumi ni siku ya baba. Mpaka siku hiyo, kichanga si cha mtu. Baba akimzungusha mekoni na kumwita kwa jina mbele ya watu, ni mwana. Asipomwita, sisi wakunga tunajua mtoto huyo hupelekwa kutupwa wapi, na huwekwa katika chombo gani, na ni nani hutengeneza vyombo hivyo. Zopiros alilala chali kwenye kona, amefungwa kama donge la nyuzi, akingoja baba yake aseme neno moja.

Zopira alikuja kumtazama siku ya pili. Hatukuwa tumemwambia kitu, lakini mtaa mzima ulikuwa umeshamwambia.

"Wewe una siku ngapi?" akamwuliza.

"Mbili."

"Mimi nina miaka sita. Kwa hiyo nikikutuma, uende."

"Nitaendaje nimefungwa?"

"Ukifunguliwa." Akachuchumaa. "Unalia usiku?"

"Kidogo."

"Mimi sikulia nilipokuwa na siku mbili. Babu anasema."

Akamletea tini, akamlisha kwa mkono, akimfuta mdomo kwa ukali kama nilivyokuwa nikimfuta yeye. Zopiros alitafuna huku anamtazama. Hakusema "mimi ni baba yako." Mtoto wa siku mbili si baba wa mtu.

Siku ya sita Zopira akapatwa na homa. Asubuhi hakutaka kula, mchana macho yalikuwa mekundu, jioni alikuwa hamtambui babu yake. Nilimfunga vitambaa vya maji ya siki, nikakaa naye. Siku ya saba ilizidi. Mtaani hakuna aliyecheka tena. Murto akatuletea uji wa shayiri, akauweka kizingitini, akasema tu, "Jamani, jina moja hilo." Akaenda zake.

Likinos hakuhitaji kuambiwa. Siku ya tisa aliniita kando ya meko. Kona aliyolala mwanawe ilikuwa nyuma ya pazia, si mbali.

"Sitaliita," akasema.

"Huliiti nini?"

"Unajua. Tulilipeleka chini, dada. Mara tatu. Wamelipokea, ni lao. Nikaiba kipande nikampa mtoto, na hawakusema kitu kwa sababu walikuwa na cha kwao. Sasa nikilirudisha kwa mwenyewe, wataona shimo lao tupu. Watakuja kumchukua nani? Watamchukua aliye mwepesi kubebwa."

"Huyo ni mwanao! Amelala pale amefungwa kama bidhaa, anakungoja!"

"Na huyu?" Akanyoosha kidole alipolala Zopira. "Huyu hanisubiri?"

"Homa ni homa, Likinos. Watoto hupata homa."

"Basi niapie. Wewe mkunga, niapie kwamba kesho nikiliita lile jina huyu atapona."

Sikuapa. Nani angeapa? Nilikuwa na hasira naye, nikamwita mbwa mwitu anayekula wanawe, kwa sababu ndiyo maana ya jina lake na ulimi wangu hautafuti mbali. Lakini moyoni nilikuwa nimesimama ukingoni mwa lile shimo, mawingu yanashuka, na Filto amenishika nguo. Mara ya tatu niliita mimi. Yeye alikuwa ameshindwa. Kama ningefunga mdomo, jina lingekuwa limeitwa mara mbili tu, na mara mbili si kitu.

Ndipo tukasikia sauti nyuma ya pazia.

"Baba."

Likinos akaligeukia pazia.

"Baba, kesho niite vingine."

Likinos akaufunika uso.

"Nasikia kila kitu, nimefungwa mikono si masikio," akasema Zopiros. "Niite lolote. Nimekaa bila jina Libia miaka sita, walikuwa wananiita Mgriki. Nimezoea."

Nikavuta pazia. "Unajua unachokisema? Jina likienda, na mke ameenda, na..."

"Mke ameshaenda, shangazi."

"Na mtoto? Utakuwa nani wake?"

"Mtakachosema." Macho yake yalikuwa juu, kwenye boriti. "Liacheni kwa Zopira. Msimguse nalo. Mimi sina homa."

Siku ya kumi watu walijaa. Mtu mzima hakimbizwi mekoni mikononi, kwa hiyo tulimlaza juu ya ubao wa kukaushia vyungu, wanaume wanne wakaubeba, wakazunguka moto mara tatu wakijikwaa. Mmoja aliomba radhi kwa kumgongesha kichwa nguzoni. Wakamshusha. Likinos akasogea. Alikuwa amezeeka kwa siku kumi zile kuliko kwa miaka sita iliyotangulia. Akatazama kona alikolala mjukuu wake, akamtazama mwanawe, akafungua mdomo.

"Epigone!" akaita.

Epigonos. Aliyezaliwa baadaye. Ni jina la mtumwa unayemnunua sokoni. Watu wakanong'ona. Yule aliyekuwa juu ya ubao akasema, "Naam, baba," nami nikamfungua vile vitambaa kwa kisu maana mafundo yalikataa.

Homa ya Zopira ilikatika siku ya pili yake. Watu wakasema, mnaona? Mimi nimeona homa nyingi za watoto zikikatika siku ya sita bila mtu yeyote kubadilishwa jina. Nililisema hilo mara moja, Likinos akanitazama kwa namna iliyonifanya nisilirudie.

Basi Epigonos akaishi. Alikuwa mwana wa pili wa Likinos, mdogo wa marehemu kaka yake. Zopira akafundishwa kumwita baba mdogo. Habari zilipofika Eretria, Filto alimtuma mwanamke mmoja aulize kama ni kweli. Epigonos alikuwa anachonga mdomo wa mtungi. "Mwambie," akajibu bila kuinua kichwa, "kwamba kwa Likinos amezaliwa mtoto wa kiume anaitwa Epigonos." Yule mwanamke akaondoka na jibu hilo. Usiku ule Epigonos hakula.

Kila mwaka, siku ya wafu, alikwenda kaburini. Kuwamiminia divai marehemu wa nyumba ni kazi ya mdogo, na mdogo alikuwa yeye. Nilimfuata mara moja nikamkuta ameinamisha kidumu juu ya lile jiwe lenye jina lake, anamimina kidogokidogo.

"Mbona mkono mzito?" nikamtania, maana vinginevyo ningelia.

"Mwenyewe hakuwa mnywaji, shangazi."

Lakini jambo nililoshindwa kulizoea ni gurudumu. Zopira alikuwa akikua, na nyumba nzima ilikuwa ikimwita kutwa. Zopira, lete maji. Zopira, shuka mtini. Nilikaa na kazi zangu uani, nikaona kwamba kila mtu alipoanza kulitamka lile jina, mguu wa Epigonos ulisimama. Zopi... na gurudumu linapunguza mwendo, anangoja mkia. Kisha mkia unakuja, -ra, ni wa binti, na mguu unaanza tena. Hakugeuza kichwa hata siku moja. Udongo tu ndio uliojua, na mimi. Vyungu vya miaka hiyo, ukivipapasa kwa ndani, baadhi vina mshipa mdogo mahali ambapo mkono ulisita.

Likinos alikufa Zopira akiwa na miaka kumi na minne. Alinishika kifundo cha mkono. "Lile jina," akasema, "lisiitwe humu ndani." Nikamwitikia. Anayekufa haachwi bila kuitikiwa. Mwaka uliofuata Zopira aliolewa na Fania, mfinyanzi wa ukoo wetu, ambaye alihamia hapa ili tanuri zisizimike. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume, akapewa jina la babu mzaa baba. Wa pili akaja mwaka huu, wa kiume naye. Nilimpokea mimi, na magoti yangu yakaniapia kwamba huyo ndiye wa mwisho.

Siku tatu kabla ya jina tuliketi uani tukila mkate na vitunguu. Fania alikuwa akimtania mkewe kwamba mtoto ana masikio ya Murto.

"Huyu ni wa upande wangu," akasema Zopira. "Wa pili huchukua jina la babu mzaa mama. Au nimekosea, bibi?"

"Hujakosea," nikasema.

"Na babu yake mzaa mama anaitwa nani?"

Gurudumu likasimama kabisa. Fania akatazama kitunguu chake.

"Mpeni jina jingine," akasema Epigonos. "Mpeni la babu yenu Likinos."

"La babu atapewa wa tatu."

"Basi mpeni langu, kama mmekosa."

"Hilo si jina, ba'mdogo," akasema Zopira. Alisema kwa upole, na alikuwa amemtazama sawasawa. "Hilo ni shuka ulilonifunika mimi. Nilipata joto, nashukuru. Sasa nina miaka ishirini."

Epigonos akainuka, akaenda kuchochea tanuri ambayo haikuwa na moto.

Baadaye Zopira alinifuata chumbani. Alitaka mimi niliite, kwa kuwa ndimi mkubwa wa nyumba. Nikamwambia kuhusu ahadi niliyompa babu yake. Nikamwambia pia lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu, la mvua na miguu yangu, na mama yake aliyenishika nguo. Nilidhani atanichukia. Akaendelea kumbembeleza mtoto.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemwita mara ya mwisho," akasema.

"Ni mimi."

"Basi hata akinyamaza mtu mwingine, wewe huwezi."

Jana ilikuwa siku ya kumi. Shada lilikuwa mlangoni, jibini mezani, Murto ameshalewa. Epigonos alikataa kukaa ndani. Alikuwa kwenye gurudumu lake uani, mlango uko wazi, anasema ana kazi ya haraka, ingawa sote tulijua hakuna anayenunua mitungi mwezi huu. Fania akamkimbiza mtoto kuzunguka meko mara tatu, akampa mama yake. Watu wakanigeukia.

Niliogopa. Nasema wazi. Nilimtazama yule mtoto, ngozi laini kuliko udongo uliochujwa mara saba, nikawaza kwamba wa chini wana masikio, na kwamba nilishawahi kukosea kwa sauti hii hii. Zopira akaniangalia. Sikusikia chochote ila lile gurudumu likizunguka nje.

"Zopi..." nikaanza.

Gurudumu likapunguza mwendo. Likangoja.

"...re!"

"Naam, shangazi!"

Ilitoka uani, kubwa, ya kijana, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka wa ile meli. Murto akaziba mdomo. Epigonos alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, uso umempauka kwa hofu.

"Nisameheni," akasema. "Ulimi umeteleza. Sikukusudia, mimi..." Akamtazama mtoto kana kwamba amemtupia jiwe. "Yuko salama?"

Mtoto akapiga chafya. Kwetu hakuna ishara njema kuliko hiyo, na kila mtu anajua, lakini hakuna aliyethubutu kushangilia.

"Nani aliyeitika?" akauliza Zopira.

"Nimeomba radhi, mama."

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza nani."

Aliitazama mikono yake yenye udongo. Midomo ilikuwa ikitikisika, kama mtu anayejaribu mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

"Zopiros," akasema. "Wa Likinos."

Zopira akavuka chumba, akamwekea mtoto mikononi, udongo wote ule ukachafua vitambaa vipya nilivyovifua kwa siku mbili.

"Basi mshike wajina wako, baba," akasema.